Kundi la Ndege: Limetua au Wametua?



Somo letu la leo ni la majina ya makundi, na hasa makundi ya ndege. Pengine utasema, "Ah, ndege tena! Mie nina mtama wa kupalilia." Subiri kidogo. Mtama wako ndio ulionifanya niandike somo hili.

Nitaanza na barua. Niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa katibu wa kamati ya mazao kijijini kwetu. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kisomo muda si mrefu, nikaona sasa mimi ni mwandishi. Mtama ulikuwa umetoa masuke, punje bado changa, ukizibinya zinatoa maziwa. Hapo ndipo kwelea kwelea wakaja. Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, andika upesi." Nikaandika hivi:

"Ndugu Bwana Kilimo, salaam. Tunakuarifu kwamba kijiji chetu kimevamiwa na kundi la ndege wakubwa. Wanakula mtama wetu. Tunaomba msaada wa haraka."

Barua ikapelekwa na kijana mwenye baiskeli. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya sita likaja jibu, limeandikwa vizuri na kupigwa mhuri. Ofisi ilitushauri kwamba ndege wakubwa, kama vile korongo na kanga, hufukuzwa kwa kelele, kombeo na masanamu ya kutishia. Tuweke walinzi shambani asubuhi na jioni.

Masanamu! Siku hiyo ya sita mashamba ya upande wa mtoni yalikuwa yamebaki mabua matupu.

Baadaye Bwana Shamba alikuja mwenyewe, akaishika barua yangu mkononi.

"Katibu, hii barua aliandika nani?"

"Mie, Bwana Shamba."

"Hawa ndege ni wakubwa?"

"Hapana, ni wadogo. Kwelea."

"Sasa wakubwa hapa ni wepi?"

"Kundi, bwana. Kundi ndilo kubwa."

"Hilo umeniambia kwa mdomo. Kalamu yako haikusema hivyo."

Niliona haya, sikatai. Kweli, ofisi nayo ingeweza kuuliza: ndege gani hao? Swali moja tu lingetosha. Lakini mwenye ofisi hakuwa shambani, alikuwa na karatasi tu mbele yake, na karatasi ile ilisema ndege wakubwa. Tazama sasa jinsi maneno yale yale yanavyobadilika:

Kundi kubwa la ndege. Hapa kilicho kikubwa ni kundi. Maana yake ndege ni wengi.

Kundi la ndege wakubwa. Hapa wakubwa ni ndege wenyewe. Huenda ni watano tu.

Mimi ningeandika "kundi kubwa la ndege wadogo". Maneno matano tu, na mambo yote yangekuwa wazi.

JINA LA KUNDI NI NINI?

Jina la kundi ni jina moja linalotaja vitu vingi vilivyo pamoja. Vitabu vya shule huyaita nomino za jamii au nomino za makundi. Wewe unayatumia kila siku bila kuyafikiria. Ukitoka porini na kuni umebeba tita la kuni. Ukivuna ndizi unakata mkungu, na ndani ya mkungu kuna chane. Mvuvi anakuja na mtungo wa samaki. Mrina asali anazungumzia bumba la nyuki. Kwenye mkutano kuna umati wa watu. Pamba ikitoka kiwandani imefungwa robota.

Majina haya hayabadilishwi ovyo. Hakuna asemaye mkungu wa kuni wala tita la ndizi. Kila kitu kina neno lake, na anayelikosea husikika kama mgeni.

Kwa ndege, neno kuu ni kundi. Neno hili halikuangushi. Kundi la kanga, kundi la njiwa, kundi la bata, kundi la yangeyange wanaofuata ng'ombe malishoni, yote ni sawa. Kama una wasiwasi, andika kundi, na hakuna mwalimu atakayekukata alama.

Lakini lugha yetu ina maneno mengine ambayo yanamwonyesha msomaji ndege wamekaaje au wanafanya nini. Hapo ndipo utamu ulipo.

Wakati ndege ni wengi mno hata wanatia kivuli, twasema wingu. Wingu la kwelea limetanda juu ya bonde. Neno hilo hilo hutumika kwa nzige. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoivamia Kenya, waliokuwa shambani waliona mawingu ya nzige, na neno wingu halikuwa la kutia chumvi. Angalia lakini: wingu ni la wadudu au ndege walioko angani. Wakishatua kwenye mtama si wingu tena, ni kundi. Na watoto wa nzige ambao bado hawana mabawa, yaani tunutu, hawawezi kuitwa wingu hata wakiwa wengi namna gani, kwa sababu wanarukaruka chini.

Ndege wakienda mmoja nyuma ya mwingine twasema msururu au mlolongo. Msururu wa bata umevuka njia. Kama wanasafiri mbali, kutoka nchi hata nchi, neno msafara linafaa zaidi. Korongo weupe hutoka Ulaya wakati wa baridi ya huko, wakaja mpaka huku kwetu kula nzige, viwavi na panzi, kisha wakarudi. Kwa hiyo: msafara wa korongo umepita. Hao ni wageni wema, tusiwapige kombeo.

Nimetaja viwavi. Je, umewahi kulitazama neno viwavijeshi? Ni viwavi na jeshi, maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. Waliowapa jina hilo waliona wanavyotembea shambani kama askari, shamba hili wakimaliza wanaingia la jirani. Hapo jina la kundi limeingia ndani ya jina la mdudu mwenyewe, hata mmoja akiwa peke yake anaitwa kiwavijeshi. Jeshi la mtu mmoja!

Ndege wawili, dume na jike, ni jozi. Jozi ya njiwa. Na kuku wakiwa ndani ya lile kapu kubwa la kusafirishia ni tenga la kuku. Hili la tenga nitalirudia, maana lina ugomvi ndani yake.

Wapo ndege ambao hawana jina la kundi kwa sababu hawakai kwa makundi. Bundi, kwa mfano. Kwa kawaida utamwona mmoja, au wawili. Usijisumbue kumtafutia neno.

Kijana wangu mmoja wa sekondari aliniambia kwamba Waingereza wana jina tofauti karibu kwa kila ndege, na kwamba kundi la kunguru huitwa "mauaji ya kunguru". Ni kweli. Majina ya namna hiyo yaliandikwa katika kitabu kilichochapwa huko St Albans mwaka 1486, kwa ajili ya mabwana waliopenda kuwinda. Basi yabaki huko kwao. Ukiandika katika taarifa ya kijiji kwamba "mauaji ya kunguru yametokea karibu na shule", watakuja polisi.

Hata hivyo sisi nasi tuna mchezo wetu. Mtu akiibiwa vifaranga na kunguru atasema, "Genge la kunguru limenimaliza." Genge ni neno la watu, la wezi au la vibarua. Kulipeleka kwa kunguru ni kuwatukana kidogo, na kila mtu anaelewa. Barazani sema, tutacheka. Katika barua ya ofisi andika kundi.

LIMETUA AU WAMETUA?

Sasa tuje kwenye swali la kichwa cha habari. Soma sentensi hizi mbili:

Kundi la ndege limetua mtini.

Kundi la ndege wametua mtini.

Ya pili utaisikia sana. Watu wanapozungumza, macho yao yako kwa ndege, basi ulimi unafuata ndege: wametua. Sitamcheka mtu kwa hilo. Lakini katika kuandika, anayetawala sentensi ni lile neno la mbele, yaani kundi. Ndege amekuja nyuma kueleza tu kwamba kundi hilo ni la nini. Kundi ni kama dereva, ndege ni abiria.

Kwa hiyo twaandika: kundi limetua, makundi yametua. Wingu limetanda, mawingu yametanda. Msururu umevuka, misururu imevuka. Jozi imepotea, jozi zimepotea. Tenga limefika, matenga yamefika. Unaona? Neno ndege au njiwa au kuku lililo nyuma halibadilishi lolote. Kundi la kanga limekimbia. Kundi la watu limekimbia. Kundi la mbuzi limekimbia. Dereva ni yule yule.

Maneno kama hili, lile, huyu na hawa nayo yanataka uangalifu. "Kundi hili la ndege" maana yake ninaonyesha kundi. "Kundi la ndege hawa" maana yake ninaonyesha ndege wa aina hii, na kundi lao lipo, pengine hata sipo nalo. Ukitaka kumwambia Bwana Shamba kwamba ndege wa namna hii wana kundi kule bwawani, sema: "Kundi la ndege hawa liko bwawani." Ukitaka kumwonyesha kundi lililo mbele yake, sema: "Kundi hili la ndege lilikuja jana."

Na je, kama ninataka kusema habari za ndege wenyewe, mmoja mmoja? Basi waache ndege washike usukani. "Ndege wamekuja kwa makundi." "Kwelea wa kundi lile wana midomo myekundu." Hapa midomo ni ya kwelea, siyo ya kundi. Kundi halina mdomo.

NDEGE NA NDEGE

Kuna mtego mwingine. Neno ndege lina maana mbili. Kuna ndege mwenye manyoya, na kuna ndege ya kusafiria. Tunazitofautishaje? Kwa viambishi tu. Mwenye manyoya ni kiumbe hai: ndege huyu amekuja, ndege hawa wamekuja. Ile ya chuma ni chombo: ndege hii imekuja, ndege hizi zimekuja.

Mkulima anayepambana na kwelea anahitaji kuyajua yote mawili, maana mara nyingi ndege huuawa kwa ndege. Ndege ndogo hupita jioni juu ya mahali kwelea wanapolala, ikamwaga dawa ya sumu. Katika nchi zetu kazi hiyo hufanywa na idara za kilimo, na pia Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962. Lilianza kwa ajili ya nzige, lakini kwelea nao wamo katika kazi zake.

Basi soma: "Tumeona ndege wengi, tunaomba ndege." Inaeleweka kwa taabu. Bora: "Tumeona ndege wengi, tunaomba ndege ya kunyunyizia dawa." Na ukiandika "ndege nyingi zimeingia shambani", msomaji atafikiri vita vimeanza.

Kanga naye ana mambo kama hayo. Kanga ni ndege mwenye madoadoa, na ni nguo ya akina mama. Inasemwa kwamba nguo ilipewa jina la ndege kwa sababu ya madoa yake. Kanga wametaga porini: hao ni ndege. Kanga zimefuliwa: hizo ni nguo. Na jina la kundi linakusaidia zaidi. Kundi la kanga ni ndege, lakini doti ya kanga ni nguo, vipande viwili vilivyo pamoja. Mume akiahidi doti akaleta kundi, hapo nyumbani patawaka moto.

JINA LA KUNDI SI HESABU

Sasa nirudi kwenye tenga.

Mchuuzi anafika kijijini. Mama mmoja anamkabidhi kuku wake wapelekwe mnadani. Mchuuzi anaandika kwenye kikaratasi: "Nimepokea tenga la kuku 1." Wiki ijayo analeta fedha. Mama anasema, "Kuku wangu walikuwa 20." Mchuuzi anasema, "Mama yangu, walikuwa 14. Hebu tazama karatasi." Karatasi inasemaje? Tenga moja. Tenga lina kuku wangapi? Hakuna anayejua. Tena ubaya mwingine: "tenga la kuku" laweza kuwa tenga lenye kuku ndani, au tenga tupu la kuwekea kuku. Mchuuzi mjanja akikataa kabisa kwamba alipokea kuku, atasema alipokea tenga.

Kumbuka basi kwamba majina haya yako ya namna mbili. Mengine yamebeba hesabu ndani yake. Jozi ni 2. Dazeni ni 12. Korija, neno la wafanyabiashara wa zamani, ni 20. Trei ya mayai ni mayai 30. Ukiandika trei 2 za mayai, hakuna ubishi, ni mayai 60. Mengine hayana hesabu: kundi, wingu, msururu, fungu, tenga. Kundi laweza kuwa la ndege 8 au 8,000. Fungu la nyanya la leo si fungu la jana, kila mnunuzi anajua hilo.

Kwa hiyo kwenye stakabadhi andika: "Nimepokea kuku 20 ndani ya tenga 1." Mama asitie kidole gumba mpaka aone hiyo 20 kwa macho yake. Sasa unajua kusoma, usikubali kusomewa.

KUKADIRIA KUNDI

Kwa kwelea hatuwezi kuhesabu mmoja mmoja. Lakini kukadiria tunaweza, na wataalamu wa ndege nao hufanya hivyo hivyo. Tazama ukingo wa kundi. Hesabu ndege 10. Shika machoni nafasi wanayojaza hao 10. Kisha jiulize, nafasi kama hiyo inaingia mara ngapi mpaka nipate 100? Ukishaipata ya 100, ipime juu ya kundi zima kama unavyopima kitambaa kwa dhiraa. Ukipata mara 50, ni ndege 5,000 hivi. Waambie watu wawili wengine wakadirie nao, kila mtu peke yake bila kuambizana. Mkipata 4,000, 5,000 na 7,000, andikeni "kati ya 4,000 na 7,000". Hiyo ni taarifa ya kuaminika kuliko "wengi sana, hawahesabiki".

Kwa nini hesabu hiyo ina maana? Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini kwa siku anaweza kula mbegu za gramu 10 hivi. Gramu 10 ni kidogo, haijazi hata kiganja. Sasa zidisha. Ndege 100 wanakula kilo 1. Ndege 100,000, yaani laki moja, wanakula kilo 1,000, nazo ni magunia 10 ya kilo mia mia. Ndege milioni moja wanakula magunia 100 kwa siku moja. Na makundi ya kwelea ya mamilioni yapo, kwa kuwa huyu ndiye ndege wa porini aliye na idadi kubwa kuliko wote duniani.

Si kwamba yote hayo yatoka shambani kwako. Chakula chao cha kawaida ni mbegu za majani ya porini. Majani yakikauka au mbegu zikiisha, ndipo wanapogeukia mtama, uwele, mpunga na ngano. Mahindi hawayawezi sana, punje ni kubwa kwa mdomo wao. Ndiyo maana aliyepanda mahindi anatazama tu, na jirani yake wa mtama analia.

BARUA ILE, SAFARI HII SAWASAWA

Baada ya aibu yangu, Bwana Shamba alikaa nami chini ya mwembe tukaiandika upya. Alinieleza kwamba ofisi hutaka kujua mambo machache: ndege gani, wangapi, wanalala wapi, mazao yako katika hali gani, na kuna maji au makazi ya watu karibu. Mahali wanapolala ndiyo habari kubwa, kwa sababu mchana wametawanyika mashambani, hakuna dawa itakayowapata. Jioni wanarudi pamoja kwenye miiba, kwenye matete au kwenye miwa. Ilikuwa hivi:

"Ndugu Bwana Kilimo, salaam. Tarehe 14 jioni kundi kubwa la kwelea kwelea liliingia katika kijiji chetu. Tunakadiria kundi hilo lina ndege laki moja au zaidi. Mchana linatawanyika kuwa makundi madogo, nayo yanakula mtama ambao punje zake bado changa. Mashamba yaliyoguswa ni eka 200 hivi. Jioni ndege hao wanalala kwenye matete ya bwawa, kilomita 3 kaskazini ya shule. Watu wa vitongoji viwili wanachota maji katika bwawa hilo. Tunaomba mtaalamu aje kutazama kabla ya hatua yoyote."

Soma tena polepole, uone kundi lilivyoshika usukani: kundi liliingia, kundi hilo lina, linatawanyika, makundi nayo yanakula. Halafu ikaja "ndege hao wanalala", hapo ndege wamepewa zamu yao. Hakuna kosa.

Na ile sentensi ya maji si mapambo. Dawa inayoua kwelea inaua viumbe wengine pia, na ikiingia bwawani, samaki, mifugo na watu wako hatarini. Huko Kondoa watu wamezoea tangu zamani kuwatega kwelea kwa mitego na kuwala, na nyama yao ni nzuri. Lakini kwelea aliyetegwa si sawa na kwelea aliyenyunyiziwa. Ndege uliowakuta wamekufa chini baada ya ndege kupita, usiwaokote, usiwale, usiwauze, wala mbwa asiwaguse. Nadhani umeona nimetumia ndege mara mbili katika sentensi moja. Ya kwanza ipi, ya pili ipi?

ZOEZI

Chukua daftari lako. Fanya mwenyewe kwanza, kisha ndipo utazame majibu.

1. Jaza: Wingu la kwelea ____tanda juu ya mashamba.

2. Jaza: Misururu ya bata ____elekea mtoni.

3. Sahihisha: Kundi la njiwa wamekula ulezi wangu.

4. Ndege wako watatu, kila mmoja mrefu kama mtoto wa shule. Utaandika "kundi kubwa la ndege" au "kundi la ndege wakubwa"?

5. Ipi ni nguo: "Kanga wawili wamepotea" au "Kanga mbili zimepotea"?

6. Mama ameuza trei 3 za mayai na jozi 2 za njiwa. Mayai mangapi? Njiwa wangapi?

7. Kundi la kwelea lina ndege 20,000. Kila mmoja akila gramu 10 kwa siku, kundi zima litakula kilo ngapi kwa siku 5?

8. Andika stakabadhi ya mchuuzi aliyepokea majogoo 6 na matetea 9 katika matenga mawili.

MAJIBU

1. limetanda. 2. imeelekea; ukiandika inaelekea si kosa. 3. Kundi la njiwa limekula ulezi wangu. 4. Kundi la ndege wakubwa. 5. Kanga mbili zimepotea. 6. Mayai 90, njiwa 4. 7. Kwa siku moja kilo 200, kwa siku 5 kilo 1,000. 8. "Leo tarehe ... nimepokea kuku 15, yaani majogoo 6 na matetea 9, ndani ya matenga 2." Iwe na jina la mchuuzi, jina la mwenye kuku, na sahihi za wote wawili.